Mume wangu anataka kisu, mimi nataka mionzi, na sababu yangu naona aibu kuisema

Habari dada, pole na kazi. Naomba jina langu lisitokee maana huku Sengerema tunajuana, na mume wangu akijua nimeandika haya sijui nitamwangaliaje.

Nina miaka 51, biashara yangu ni dagaa, nachukua kwa wavuvi wa visiwani napeleka Mwaloni pale Kirumba. Mume wangu ana miaka 64, ni fundi wa kuunda mitumbwi na hata sasa hivi ninavyoandika yuko nje anapiga randa kama vile hana kitu. Tumejaliwa watoto wawili, na yeye alikuja na kijana mmoja mkubwa ambae mama yake ni marehemu, huyo nimemlea mwenyewe tangu yuko darasa la pili, ni mwanangu tu.

Ilianza na mkojo. Usiku anaamka mara nne mara tano, anakawia huko nje mpaka namfuata na tochi nikidhani kaanguka. Tukasema ni umri, tukasema ni ile tezi dume ya wazee wote, wifi yangu akaleta chupa ya mizizi akainywa mpaka ikaisha. Mwaka huu mkojo ukatoka na damu ndo akakubali hospitali. Kupimwa PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikaja 38. Wakachukua kinyama, majibu yakarudi ni kansa, wameandika Gleason 8, ile namba ya ukali wa kansa, na 8 ni kali. Akapigwa MRI tukaambiwa imeshatoka nje ya ganda la tezi upande mmoja na imegusa vifuko vya mbegu, na kwenye mitoki ya nyonga kuna mmoja wanautilia shaka. Kipimo cha mifupa tulikifuata Dar, mifupa iko safi, siku ile nililia ndani ya basi mpaka abiria wakanipa pole ya msiba.

Ile 38 ameiandika kwa penseli ya fundi kwenye ubao wa mtumbwi anaounda, pembeni ya vipimo vyake vya mbao. Sijamuuliza kwanini.

Sasa shida yenyewe. Dokta wa kwanza ni wa upasuaji, anasema anaweza kutoa tezi yote na vifuko na mitoki, ila akatuambia wazi kwamba huenda baadae ikahitajika mionzi na sindano pia. Dokta wa pili ni wa mionzi, anasema kwa hatua hii yeye angeanza sindano za homoni na mionzi, na sindano ziendelee miaka miwili mpaka mitatu. Wote wametupokea vizuri, wote wametueleza kwa upole, na wote wamemaliza na neno moja, mkajadiliane nyumbani. Tujadiliane kwa elimu ipi dada?

Mume wangu anataka kisu. Anasema ubao ukioza unaung'oa, huupaki rangi. Kijana wetu yuko Geita, anataka kuuza kiwanja chake baba apelekwe India. Shemeji yangu anasema kansa ikiguswa na kisu inasambaa, kwa hiyo aachwe, achome sindano tu basi. Mimi nataka mionzi, na mbele ya watu sababu yangu ni jirani yetu aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume, mpaka leo anavuja mkojo, kanisani haji tena kwa sababu ya harufu.

Lakini ipo sababu nyingine. Dada, mimi na mume wangu bado ni mke na mume kabisa, unanielewa. Dokta alisema kwa upasuaji nguvu za kiume zinaweza kuisha. Toka siku hiyo nalala naliwaza, halafu najichukia, yani mtu ana kansa mimi nawaza hicho. Nikimvuta kwenye mionzi halafu akafa nitasema nimemuua kwa tamaa zangu. Na yeye hajawahi kuligusa hilo jambo, dokta alipolitaja aliinama akaangalia viatu. Kliniki ni baada ya wiki tatu na tunatakiwa twende na jibu. Nimwambie nini?

Mama Dagaa, Sengerema


JIBU

Dada yangu Mama Dagaa, pole sana, na pole kwa baba wa watoto. Barua yako nimeisoma taratibu, na kabla sijaingia kwenye kisu na mionzi nianze na pale ulipojichukia. Mwanamke aliyeishi na mume wake miaka yote hiyo, analala nae kitanda kimoja na bado wanapendana, akisikia hilo linaweza kuondoka lazima ashtuke. Hiyo ni ndoa yako, na dokta mwenyewe hakulitaja kwa bahati mbaya, alilitaja kwa sababu ni sehemu ya matibabu sawasawa na dawa ya ganzi. Kwa hiyo usilitoe mezani. Ila naomba tuliangalie vizuri, maana nadhani umelipanga kwa namna ambayo inakuumiza bure.

Mimi ni mshauri, sio daktari wa mkojo, ya kwenye mwili wa mumeo yataamuliwa na wale wanaoshika vipimo vyake. Lakini nimekaa na familia nyingi zenye ugonjwa huu na nimejifunza kuuliza.

Ulivyoandika, ni kama kuna njia mbili, ya kisu inayochukua ndoa na ya mionzi inayoiacha. Sasa angalia hicho dokta wa pili alichosema, mionzi pamoja na sindano za homoni miaka miwili mpaka mitatu. Zile sindano kazi yake ni kushusha homoni ya kiume mpaka chini kabisa, kwa sababu kansa ya tezi dume inakula hiyo homoni. Hilo limejulikana tangu 1941 daktari Charles Huggins kule Marekani alipoonyesha kwamba ukiondoa homoni ya korodani kansa hii inasinyaa, na mwaka 1966 akapewa tuzo ya Nobel kwa hiyo kazi. Homoni ikishuka, hamu nayo inashuka. Wanaume wengi wakiwa kwenye sindano wanakuambia sio kwamba wanashindwa, hata wazo halimjii. Anapata joto la ghafla linalopanda usoni, anaongezeka mwili, misuli inalegea, mifupa inapungua nguvu, na huyu ni mtu wa randa na msumeno, hilo nalo muulize dokta. Sindano zikisimama homoni inaweza kurudi, ila kwa mtu wa umri wake inachukua miezi mingi na kuna ambao hairudi yote. Na mionzi yenyewe inapunguza uwezo wa kusimama, pole pole, mwaka huu yuko vizuri mwaka kesho hayuko.

Sikwambii haya nikuvute kwenye upasuaji. Huko nako ulichosikia ni kweli. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita pembeni kabisa mwa tezi, kulia na kushoto, na tangu miaka ya 1980 alipokuja daktari Patrick Walsh madaktari wanajua namna ya kuibakiza. Lakini kansa ikishatoka nje ya ganda upande mmoja, kuibakiza mishipa ya upande ule kunaweza kubakiza na kansa, kwa hiyo mara nyingi inaondoka yote. Upande wa pili pengine inabaki. Hilo ni swali la kumuuliza dokta wa upasuaji macho kwa macho, upande usiotoboka utauacha? Na ujue pia baada ya upasuaji huo hata akifika kileleni hakuna majimaji yanayotoka, hilo halisemwi sana na watu wanashtuka.

Kwa hiyo dada, kwenye njia zote mbili kitanda chenu kitaguswa. Kinachotofautiana ni lini, kwa kasi gani, na kwa muda gani. Sasa ukiliona hivyo, bado unaona unachagua kati ya mume na tamaa yako? Mimi sioni hivyo.

Turudi kwa jirani. Naomba uchunguze, kwa heshima, alifanyiwa upasuaji gani. Tezi dume kuvimba kwa umri ni ugonjwa mwingine, pale wanakwangua au wanatoa nyama ya katikati tu mkojo upite, ganda linabaki. Wa kansa unatoa tezi nzima na vifuko vya mbegu na mitoki ya nyonga, halafu kibofu kinaunganishwa upya na njia ya mkojo na anakaa na mpira wa mkojo wiki moja mpaka mbili. Huo mpira ukitoka karibu kila mtu anavuja mwanzoni, akikohoa, akiinua kitu kizito. Wengi wanaendelea kupata nafuu ndani ya miezi, mpaka mwaka, wakifanya mazoezi ya kukaza misuli ile ya kukatisha mkojo. Wachache wanabaki wanavuja, na hao wachache wapo, siwezi kukuficha. Mkono wa daktari una maana kubwa hapa, usione haya kumuuliza kwa mwaka anafanya wagonjwa wangapi wa namna hii, na wanaendeleaje. Na mionzi nayo haikosi ya kwake, kukojoa kila saa, kuwashwa, tumbo kuharisha, na kwa baadhi damu kwenye haja kubwa inayoweza kuja hata baada ya miaka.

Sasa kwa baba. Ule mfano wake wa ubao oza nimeupenda na ninamwelewa kabisa, wanaume wengi wakisikia kuna kitu kibaya ndani wanataka kitoke wapate usingizi. Lakini fundi akishang'oa ubao anagonga na mbao za jirani asikie zinaliaje. Ndo kilichopo kwa hatua ya mumeo. Tezi ikishatolewa inapelekwa maabara wanaangalia kingo kama zimetoka safi, wanahesabu mitoki iliyo na kansa, na PSA inapimwa baada ya wiki sita mpaka nane ambapo inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ikianza kupanda na kufika 0.2 maana yake kuna kitu kimebaki au kimerudi, na hapo mionzi inaingia, mara nyingi na homoni. Kwa mtu ambae kansa imeshagusa vifuko vya mbegu, na PSA 38, na Gleason 8, uwezekano wa kuhitaji hiyo hatua ya pili ni mkubwa. Dokta wa upasuaji aliwaambia wazi, ila nina wasiwasi baba alisikia nusu ya kwanza tu. Akae mezani akijua kisu kwake kinaweza kuwa mwanzo wa safari. Kama hata hivyo anakitaka, kina faida zake za kweli, anajua kansa yake ilifika wapi hasa bila kukisia, tezi inayobana mkojo inaondoka, na mionzi bado ipo akiihitaji. Kinyume chake ni kigumu, tezi iliyokwisha pigwa mionzi kuitoa baadae kwa kisu ni kazi nzito yenye madhara mengi na madaktari wengi hawaigusi.

Utaniuliza, ipi inaponya zaidi? Dada, hilo ndo swali ambalo hata mabingwa wanabishana, kwa sababu tafiti nyingi zilizolinganisha zimeangalia nyuma kwenye mafaili, na wanaopelekwa kwenye kisu mara nyingi ni wale wenye afya nzuri zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo unalinganisha watu wasiolingana. Nchi za Nordic, kaskazini mwa Ulaya, walianzisha utafiti unaoitwa SPCG-15 wa kuwagawa kwa kura wagonjwa wa hatua hii hii ya mumeo, nusu kisu nusu mionzi na homoni. Kwa hiyo madaktari wenu wawili kusema tofauti haimaanishi mmoja hajui kazi.

Kuna kitu kimoja lakini ambacho kimepimwa vizuri, na ni kwa ajili ya shemeji. Achome sindano tu basi, hapana, hapo naomba mumsikilize kwa heshima halafu mumwambie haya. Mwaka 2009 yalitoka majibu ya utafiti wa nchi hizo hizo za kaskazini, wanaume 875, wengi wao kansa imetoka nje ya ganda kama ya baba. Waliopewa homoni peke yake, ndani ya miaka 10 kama 24 katika kila 100 walikufa kwa hiyo kansa. Walioongezewa mionzi, kama 12. Nusu yake. Na mionzi peke yake nayo haitoshi, utafiti wa Ulaya uliotoka 1997 ulionyesha mionzi bila homoni baada ya miaka mitano 62 katika 100 wako hai, wakiongezewa homoni miaka mitatu ni 79. Ndo maana dokta wa pili hakusema mionzi tu, na ndo maana nasema wewe unapotamka "nataka mionzi" ujue unataka na sindano zake. Mtu akiacha sindano katikati kwa sababu hela imeisha au kachoka anakuwa ameacha nusu ya dawa. Muulize pia dokta kuhusu vidonge vya abiraterone, utafiti wa Uingereza uitwao STAMPEDE umeonyesha vinasaidia wagonjwa wa hatari kubwa kama yeye vikiongezwa juu ya homoni, ila bei yake muijue kwanza.

Hilo la kisu kusambaza kansa, nadhani linatoka kwa watu waliopasuliwa wakiwa wamechelewa, wakafunguliwa ikaonekana imeenea, wakafa, na kisu kikabeba lawama. Hata kuchukua kile kinyama cha kupima ni kuigusa kansa, na bado mifupa imeonekana safi.

Hela na safari zisiwe jambo la mwisho. Mionzi ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki nne mpaka nane kutegemea na mpango wao. Ipo hapo hapo Mwanza, hospitali ya Bugando, hamlazimiki kuhamia Ocean Road kule Dar. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, lakini mtu anayekojoa kila nusu saa kupanda gari kila siku kwenda na kurudi Sengerema atateseka, bora mtafute ndugu wa kukaa nae mjini. Na kama sindano zitawashinda bei, kuna upasuaji mdogo wa kutoa korodani unaofanya kazi ile ile mara moja, ila huo haurudi nyuma, na mwanaume anahitaji kulia kwanza kabla ya kuusaini. Msimsukume.

Sasa lililo gumu zaidi kwangu ni yale macho kwenye viatu. Wewe umeyasoma kama hataki kulizungumza. Inawezekana. Ila inawezekana pia anawaza hicho hicho unachowaza, na anachagua kisu haraka ili aonekane jasiri, au ili usije ukamuuguza miaka mitatu akiwa hana hamu na wewe ukadhani hakupendi. Yani kila mmoja anamlinda mwenzake kimya kimya na mnaenda kutoa jibu la kliniki kwa kukisia. Kuna hatari ukilianzisha, anaweza kukasirika, anaweza kusema unawaza mambo ya vijana. Kuna hatari pia usipolianzisha, maana litakuja baada ya matibabu wakati amechoka na ana mpira, na hapo kila neno linakuwa lawama.

Kama utathubutu, usilianze kama swali la uchaguzi. Mfuate pale pale kwenye mtumbwi, mpelekee chai, muulize ile 38 aliiandikia nini. Halafu mwambie vile ulivyoniambia mimi, kwamba yeye bado ni mume wako kabisa na unaogopa, na kwamba unaogopa kumpoteza kuliko kupoteza hicho. Kama maneno hayatoki usilazimishe siku moja, wiki tatu zinatosha kujaribu tena. Dokta aliyewapa hizo wiki anajua anachofanya, kansa hii kwa kawaida haibadiliki ndani ya wiki chache, ila pia isije ikawa wiki tatu zimezaa miezi sita kwa sababu familia haijakubaliana.

Kwenye kliniki nendeni wawili, na ombeni kitu kimoja ambacho nadhani hamjakiomba, madaktari wote wawili wakae wajadili faili pamoja, huo mtoki mmoja wanaoutilia shaka waseme unabadilisha nini. Kama kweli una kansa, baadhi ya madaktari wa upasuaji watasita, wengine wataendelea lakini wakipanga mionzi na homoni kabisa kutoka mwanzo. Hilo jibu moja linaweza kuwapunguzia ubishi wote wa nyumbani. Baba awaambie kwa kinywa chake nini hataki kupoteza, kazi ya mikono, au kukaa bila pampasi, au hilo lenu, kila mtu ana lake na madaktari hawawezi kulikisia.

Kijana wa Geita mshukuruni sana, mtoto anayetaka kuuza kiwanja kwa ajili ya baba amelelewa vizuri na wewe ndo uliyemlea. Lakini mwambieni asubiri kidogo. India kuna madaktari wazuri, ila akirudi PSA itapimwa hapa kila baada ya miezi michache kwa miaka, na ikipanda mionzi itafanyika hapa, hela hiyo itahitajika zaidi wakati huo. Kiwanja kisiuzwe mpaka mtoke kliniki mkiwa mmeulizia gharama ya mpango mzima, mwanzo mpaka mwisho, na bima ya afya inalipa sehemu ipi.

Niandikie tena baada ya hiyo kliniki, hata kwa mistari miwili.